Ruta ya Waifai katika Nyumba ya Kolwezi: Kuipanga na Kuitafutia Hitilafu

Ruta ya nyumbani hubeba safari mbili. Ya kwanza ni ya nje: kutoka mnara wa simu, nyuzi za kioo au setilaiti hadi kwenye kisanduku chenyewe. Ya pili ni ya ndani: kutoka kwenye kisanduku, kwa mawimbi ya redio, hadi kwenye simu, kompyuta au televisheni iliyo chumbani. Waifai ni jina la safari hiyo ya pili peke yake. Anayesema waifai imekufa huku simu yake ikionyesha alama ya waifai imejaa, waifai yake ni nzima. Kilichokatika ni safari ya nje. Kuzitenganisha safari hizi ndiyo nusu ya ufundi wote, kwa sababu dawa ya moja haiponyi nyingine. Kubadilisha neno la siri hakurudishi mega zilizokwisha, wala kununua mega hakupenyezi mawimbi kwenye ukuta mnene.

Mjini Kolwezi safari ya nje huja kwa njia tatu. Nyumba nyingi hutumia ruta ya 4G inayotiwa SIM kadi ya Vodacom, Airtel au Orange. Watu huiita modemu, na jina hilo halidhuru. Nyumba chache na ofisi huunganishwa kwa nyuzi za kioo au kwa antena ya redio inayoelekezwa kwenye mnara wa mtoa huduma. Njia ya tatu ni setilaiti. ARPTC, mamlaka inayodhibiti mawasiliano nchini Kongo, ilipiga marufuku vifaa vya Starlink mwezi Machi 2024, kisha ikaipa kampuni hiyo leseni mwezi Mei 2025. Mahali palipo mbali na minara, mathalani vijiji vinavyozunguka Musumba, mji wa Mwant Yav, mfalme wa Walunda, katika eneo la Kapanga, mamia ya kilomita kaskazini-magharibi mwa Kolwezi, setilaiti huenda ikawa njia pekee yenye kasi ya maana. Mengi yanayofuata hapa yanahusu ruta ya SIM kadi, maana ndiyo iliyoenea. Yanayohusu waifai na umeme ni yale yale kwa ruta zote.

Mahali pa kuiweka

Ruta ya SIM kadi ina masikio mawili: moja husikiliza mnara, jingine husikiliza vifaa vya nyumbani. Panapolifaa moja mara nyingi hapalifai la pili. Waifai hupenda katikati ya nyumba. Mnara hupenda dirishani. Pakitokea mgongano, mnara utangulizwe. Mwenye nyumba hana uwezo wa kuusogeza mnara, lakini chumba cha mbali anaweza kukifikia kwa kebo.

Dirisha gani? Hilo halibahatishwi wala halipimwi kwa vijiti vinne vya kwenye skrini. Katika ukurasa wa mipangilio wa ruta, sehemu ya hali ya mtandao, huandikwa vipimo viwili. RSRP ni nguvu ya mnara, na huandikwa kwa namba hasi: -80 au iliyo karibu zaidi na sifuri ni nzuri, -100 ni dhaifu, na ikipita -110 mawasiliano huanza kukatika. SINR ni usafi wa sauti hiyo kulinganishwa na kelele: 20 na zaidi ni safi sana, chini ya sifuri ni makelele matupu. Ruta hupelekwa dirisha moja baada ya jingine, husubiriwa dakika mbili kila mahali, na namba huandikwa kwenye karatasi. Mara kwa mara dirisha la nguvu nyingi si lile la usafi mwingi. Hapo afadhali kuchagua usafi, maana nguvu iliyojaa kelele haibebi mzigo.

Ndani ya nyumba, maadui wa waifai ni chuma, maji na ukuta mnene. Kolwezi, iliyoanzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi ya magharibi mwa Katanga, bado ina nyumba nyingi za zamani za kampuni zenye kuta nzito za matofali ya kuchoma, na karibu kila nyumba, ya zamani au mpya, ina paa la mabati na nondo madirishani. Kuna pia bidoni za maji zinazopangwa jikoni au koridoni kwa ajili ya siku mfereji unapokauka. Maji hunyonya mawimbi ya gigahezi 2.4, kwa hiyo safu ya bidoni zilizojaa ikiwa kati ya ruta na chumba cha kulala hufanya kazi ya ukuta wa pili. Ruta iwekwe juu kidogo ya kimo cha mtu, mahali wazi, isifungiwe kabatini wala kusukumwa nyuma ya televisheni au friji.

Parseli yenye nyumba ya pili uani huhitaji kebo. Ruta ya zamani inaweza kuwekwa huko kama kituo cha kurusha waifai tu, lakini ifanyiwe mambo matatu kwanza: izimwe DHCP yake, yaani kazi ya kugawa anwani, ipewe anwani yake yenyewe isiyogongana na ya ruta kuu, kwa mfano 192.168.8.2 ikiwa ruta kuu ni 192.168.8.1, na kebo ichomekwe kwenye tundu la kawaida la LAN, si lile la WAN. Kebo hiyo ya mtandao hufika mita 100. Asiyezima DHCP hupata nyumba yenye wagawaji wawili wa anwani wasiosikilizana, ambamo simu hii inashika na ile haishiki, na kesho yake ni kinyume.

Umeme, radi na vumbi

Ruta nyingi za Kolwezi huuawa na umeme, si na uzee. Karibu na mji, Mto Lualaba una mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke, yaliyojengwa miaka ya 1950 hasa kwa ajili ya migodi, lakini ukaribu huo hauzuii nyumba kukaa gizani siku ya delestaji, yaani mgao wa umeme. Kukatika kwenyewe hakuidhuru ruta. Hatari iko katika kurudi, pale umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unapoingia kwa kishindo na kupanda juu ya volti 220 kabla ya kutulia. Adapta nyingi za ruta zimeandikwa volti 100 hadi 240, kwa hiyo zinavumilia umeme hafifu wa jioni, lakini kishindo hazikivumilii. Desturi inayookoa vifaa vingi haigharimu chochote: umeme ukikatika, adapta huchomolewa, na hurudishwa dakika tano baada ya taa kuwaka na kutulia.

Adapta ikiharibika, ya kuibadilisha hupatikana sokoni kwa urahisi, na hapo ndipo makosa hutokea. Volti lazima ziwe zile zile zilizoandikwa chini ya ruta: 12 kwa 12, 9 kwa 9, 5 kwa 5. Ampea ziwe sawa au zaidi, kamwe zisipungue. Mchoro mdogo unaoonyesha chanya na hasi za pini nao ulingane. Adapta ya volti sahihi yenye ampea pungufu huleta ugonjwa wa ajabu: ruta inawaka, inashika mnara, watu wawili wanatumia bila shida, lakini akiingia wa tano, inajizima na kuwaka upya. Wengi hulaumu kampuni ya simu kwa miezi, kumbe kosa liko kwenye adapta.

Ruta ya kawaida hula wati zipatazo 10, kiasi kidogo mno, kwa hiyo kuilinda dhidi ya delestaji ni rahisi kuliko kulinda friji au televisheni. Vipo vibetri vidogo vya ruta vinavyokaa kati ya adapta na ruta. Mnunuzi aangalie hesabu. Kibetri kilichoandikwa 8,800 mAh kwa kawaida kimehesabiwa kwa volti 3.7 za seli za ndani, wala si kwa volti 12 zinazotoka. Basi 8.8 mara 3.7 ni wati-saa 32.6 hivi, na ruta ya wati 10 itadumu humo takriban saa tatu. Betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa 600. Ikitumika nusu tu ili isife mapema, hubaki 300, yaani saa 30. Betri hiyo isiunganishwe na ruta moja kwa moja, kwani inapochajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi. Kati yake na ruta hukaa kirekebishaji kinachotoa volti 12 kamili. Kwa setilaiti hesabu ni nyingine kabisa: seti ya kawaida ya Starlink hula wati 75 hadi 100, na wati-saa 300 zile zile huisha kwa saa tatu au nne.

Msimu wa mvua, hasa Novemba hadi Machi, una radi kali. Radi haihitaji kupiga nyumba ili iue ruta. Ikipiga karibu, mshtuko husafiri kwenye nyaya za umeme na kwenye kebo zilizo nje. Ngurumo zikianza kukaribia, huchomolewa adapta, huchomolewa pia kebo inayotoka juu ya paa au inayovuka uwanja. Kuchomoa adapta na kuacha kebo ni kufunga mlango na kuacha dirisha wazi. Kiangazi, yaani Mei hadi Septemba, adui ni vumbi. Ruta inayotazama barabara ya malori ya madini hujaa vumbi jekundu kwenye matundu ya kupoza. Kila mwezi isafishwe ikiwa imezimwa, kwa brashi laini na kavu. Kitambaa cha mapambo juu yake huzuia hewa, na ruta yenye joto hupunguza kasi au hujizima mchana.

Kuipanga

Mipangilio hufunguliwa kwa kivinjari cha simu au kompyuta iliyojiunga na waifai ya ruta, kwa kuandika anwani iliyo kwenye kibandiko chini yake. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, lakini ruta nyingi za Huawei hutumia 192.168.8.1. Anwani hizi ni za ndani ya nyumba, kwa hiyo hufunguka hata mega zikiwa zimekwisha. Ukurasa ukikataa, mara nyingi ni kwa sababu simu imekimbilia data yake yenyewe. Data ya simu izimwe kwanza, kisha anwani iandikwe ikitanguliwa na http://.

Kuna maneno mawili ya siri, na watu huyachanganya. Moja ni la kuingia kwenye mipangilio. Jingine ni la kujiunga na waifai. La kwanza hutoka kiwandani likiwa rahisi, pengine admin, na ni la kubadilishwa siku ya kwanza, kabla mgeni yeyote hajapewa la pili. Kwa la waifai, ruta hukubali herufi 8 hadi 63. Namba ya simu na jina la mtoto hukisiwa na jirani kwa dakika chache. Maneno manne yasiyohusiana, kwa mfano sombe-daraja-mwezi-nyundo, ni rahisi kukumbuka na magumu kuvunja, ila mfano ukishachapishwa haufai tena kutumiwa.

Aina ya ulinzi ichaguliwe WPA2 au WPA3. WPA2 ilitoka mwaka 2004, WPA3 mwaka 2018. Simu ya zamani isiyoijua WPA3 hukataa kujiunga, na hapo hali mseto ya WPA2 na WPA3 hutosha. WEP, ambayo bado iko kwenye orodha za ruta kuukuu, ilivunjwa tangu 2001. Kitufe cha WPS nacho kizimwe. Namba yake ya siri ina tarakimu nane, lakini ruta huikagua nusu kwa nusu, na mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba majaribio yapatayo 11,000 tu yanatosha kuipata. Kuficha jina la waifai, au kuorodhesha vifaa vinavyoruhusiwa kwa namba zao za MAC, ni kazi kubwa yenye faida ndogo: jina lililofichwa huonekana kwa programu za bure, na simu za tangu Android 10 na iOS 14 hubadilisha namba zao zenyewe.

Ruta mpya kwa kawaida hurusha bendi mbili. Ya gigahezi 2.4 hupenya kuta na kufika mbali. Ya gigahezi 5 ina kasi kubwa lakini huishia ukuta wa pili. Katika ile ya kwanza, chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana, upana ukiwa megahezi 20. Ipo programu ya bure ya simu inayoonyesha chaneli za majirani. Huchaguliwa yenye wachache. Atakayechagua 3 au 8 akidhani amepata upenyo, atasikia kelele za pande zote mbili.

SIM kadi huondolewa PIN kwanza kwa kutiwa kwenye simu. Ruta nyingi hujaza zenyewe APN, yaani jina la mlango wa kuingilia mtandao wa kampuni. Isipojaa, huombwa kutoka kampuni na kuandikwa kama ilivyo, bila nafasi wala herufi kubwa za kuongeza.

Jambo linalomaliza mega nyingi kuliko yote ni hili: simu ikishaona waifai, huamini kwamba intaneti ni ya bure. Huanza kupakia picha zote, kusasisha programu zote, na kucheza video kwa ubora wa juu. Katika nyumba ya nyuzi za kioo hilo si neno. Katika nyumba ya SIM kadi, forfe ya wiki, yaani kifurushi cha data, huisha kwa siku moja. Filamu ya ubora wa HD hula gigabaiti 3 hivi kwa saa, ya ubora wa kawaida gigabaiti 1. Android na Windows huruhusu waifai fulani iandikwe kuwa mtandao wa kulipia kwa kipimo, na iPhone ina hali ya data kidogo. Hilo lifanywe kwenye kila kifaa cha nyumbani. Kwa jirani na wageni, ruta nyingi zina waifai ya wageni yenye jina lake, inayoweza kuzimwa bila kuwasumbua wenyeji. Ukomo wa data wa mwezi nao huwekwa kwenye ruta yenyewe.

Programu endeshi ya ruta isasishwe mara mbili tatu kwa mwaka, maana humo ndimo matundu ya usalama huzibwa. Lakini umeme ukikatika katikati ya kusasisha, ruta inaweza isiwake tena kamwe. Kazi hiyo hufanywa ruta ikiwa kwenye betri, hata kama umeme upo. Mwishoni, mipangilio yote hupigwa picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa.

Kutafuta hitilafu

Utafutaji huanza ndani kuelekea nje, na kitufe cha kufuta mipangilio hakiguswi. Kuzima na kuwasha ni jambo moja: adapta huchomolewa sekunde 30, kisha hurudishwa. Kubonyeza tundu dogo kwa sindano sekunde 10 ni jambo jingine: hufuta APN, jina la waifai na maneno ya siri yote, na nyumba iliyokuwa na tatizo moja huwa na matano.

Taa ya umeme isipowaka, hukaguliwa soketi kwa kifaa kingine, kisha adapta. Ikiwaka na jina la waifai halionekani kwenye simu yoyote, huenda waifai imezimwa kwa kitufe cha pembeni. Jina likionekana kwa simu moja na si kwa nyingine, simu isiyoona pengine haijui gigahezi 5. Simu ikikataa neno la siri lililo sahihi, mtandao husahauliwa kwenye simu na kujiunga upya. Hilo hutokea kila mara neno linapobadilishwa.

Simu ikijiunga na kusema hakuna intaneti, hufunguliwa ukurasa wa ruta. Ukifunguka, safari ya ndani ni salama. Usipofunguka, huangaliwa anwani ya kifaa: ikianza na 169.254, hakikupewa anwani, na ruta iwashwe upya au itafutwe ruta ya pili inayogombania kazi hiyo.

Ndani pakiwa salama, ukurasa huo huo unaeleza ya nje. Je, SIM imetambuliwa? Mega zipo? RSRP iko pale pale ilipoandikwa siku ya kwanza? Ikiwa imeshuka ghafla kwa 15 au 20 na ruta haijasogezwa, mnara wa kawaida umezimika na ruta inasikiliza ulio mbali. Delestaji ikidumu, betri za minara nazo huisha. Simu yenye SIM ya kampuni ile ile, ikizimwa waifai, huthibitisha hilo kwa dakika moja: nayo ikikosa intaneti, ruta haina kosa.

WhatsApp ikifanya kazi lakini tovuti hazifunguki, hushukiwa DNS, daftari linalogeuza majina kuwa anwani. Katika ruta huandikwa 1.1.1.1 na 8.8.8.8 badala ya anwani za kampuni. Kompyuta moja ikikataa tovuti na kulalamikia vyeti, wakati simu zinafungua, saa yake hukaguliwa. Kompyuta za mezani zenye betri ndogo iliyokufa hurudi miaka nyuma kila umeme unapokatika, na tovuti huzikataa kwa sababu hiyo tu.

Polepole ni tatizo gumu kuliko kukatika. Hupimwa mita mbili kutoka kwenye ruta, kifaa kimoja tu kikiwa kimeunganishwa, saa kumi na moja alfajiri na tena saa mbili usiku. Haraka alfajiri na polepole usiku ni msongamano wa mnara, na hakuna mpangilio wa nyumbani unaouondoa, ingawa kampuni nyingine mtaa ule ule huenda ikawa na nafasi. Haraka karibu na polepole chumbani ni waifai: mahali, bendi, chaneli, bidoni. Polepole saa zote hata kwa kebo ni RSRP, SINR, au forfe iliyopunguzwa kasi baada ya kiwango fulani.

Likibaki tatizo la kampuni, anayepiga simu huwa na karatasi mkononi: namba ya SIM, IMEI ya ruta, rangi za taa, RSRP na SINR za siku njema na za sasa, na saa tatizo lilipoanza. Mhudumu akiambiwa ruta imeshazimwa na kuwashwa, na simu yenye SIM ya kampuni hiyo nayo haishiki mtaa huo huo, anaweza kuanza moja kwa moja na mnara.